Mashine ya Kuni Inafika Kwetu Ijumaa

Jumanne, 5 Agosti 2003

Nimechoka na sijabeba kitu. Nimebeba kitabu tu.

Leo kikundi cha Mama cha mwethya, kile cha kusaidiana kazi boma kwa boma, kilienda Katangi, kwa duka la Waweru, kuchagua mashine ya kupasua kuni. Kina mama wote, na mimi! Nilipelekwa kwa sababu ya Kizungu. Waweru alisema hicho kitabu cha mashine kila akikisoma kinamlaza.

Shida ni magogo ya mikaratusi. Ile mikubwa ya kando ya shule ilikatwa, kila boma likapata rundo lake, na sasa yamekauka hadi shoka linaruka tu. Bega la Mama liliharibika hapo. Mkono wa kulia haupiti sikio.

Waweru ako na mashine mbili, zilitoka kwa shamba fulani la kahawa huko Thika. Ndogo inakaa chini, unapampu kwa mkono. Kubwa ni ya petroli, iko na magurudumu mawili na chuma kirefu mbele cha kufunga kwa pikapu. Unalaza gogo, unavuta leva, nguzo ya chuma inalisukuma polepole hadi kwa kabari. Linafunguka kama mkate.

Niliambiwa nisome. Nikasoma. Hakuna aliyesikia.

"Mutanu, sauti! Ama umemeza betri imekufa?" Huyo ni Katunge, mwenyekiti. Wakacheka wote. Hata Mama kidogo.

Walichukua kubwa. Mama ndiye aliwasukuma — kubwa inavutwa boma hadi boma, na hiyo ya kupampu itataka mabega ambayo yeye hana. Nilikuwa nimefika kwa ukurasa wa maandishi mekundu. Katunge akasema hayo ni ya kutisha wazungu, funga tuende.

Nikafunga.

Nimeusoma sasa nikiwa peke yangu. Unasema mashine iendeshwe na mtu mmoja. Mmoja tu! Yule anayeweka gogo ndiye avute leva, yeye mwenyewe, ndiyo mikono yake isiwe hapo chuma kinapopita. Picha iko. Vidole, na mstari mwekundu juu yake.

Kesho nitamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikumwambia mtu.

Mashine ilianza kwa Katunge. Waweru aliivuta na pikapu yake mara hiyo moja, bure, akasema kuanzia hapo mtajijua. Katunge akagawa kazi kwa sababu ni kwake. Kwa mwethya mwenye boma ndiye anagawa. Hata mwenyekiti akija kwako anangoja umwambie ashike nini.

Leva akampa shemeji yake, Urbanus. Aliwahi kufanya kazi kwa posho mill, kusaga unga, basi injini zote ni zake. Wanawake wawili wanainua gogo. Na Mama — Mama analishika juu ya mashine lisigeuke, huku Urbanus akivuta leva.

Yaani vile kitabu kimekataa. Hivyo hivyo.

Lakini ungemwona Mama! Tangu bega liharibike anakuja mwethya anapewa kuchambua maharagwe na wazee. Leo amesimama katikati. Urbanus anapiga kelele, "Tayari, Mama Mutanu?" naye anajibu, "Lete!" Gogo linapasuka, kina mama wanapiga vigelegele. Mama anacheka na meno yote.

Nilikuwa natoa vipande na kuvipanga. Mdomo wangu ulifunguka mara kadhaa. Vumbi likaingia, basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kichekesho, kama singekuwa na uoga.

Mashine ilikuwa inaenda kwa Kalondu, ng'ambo ya mto mkavu. Pikapu hakuna. Urbanus akaleta ng'ombe wake wawili na akaifunga na mnyororo — ule wa plau! Nilijua. Plau inajiburuta, haiwezi kumkimbiza ng'ombe. Hii iko na magurudumu. Kwa kitabu wamechora kile chuma cha mbele kimeshikana kabisa, hakichezi.

Kwa tambarare ilienda vizuri, Urbanus akipiga mluzi. Tukafika mteremko. Mashine ikaanza kuwafuata ng'ombe yenyewe. Ikawagonga visigino. Aiya! Ng'ombe wakaruka kando na mashine ikawapita, sasa mashine ndiyo inavuta ng'ombe! Urbanus anakimbia nyuma akishikilia mkia. Ilisimama kwa kichaka cha miiba.

"Urbanus," Katunge akasema, "mwambie ng'ombe wako akae mbele, yeye ndiye dereva."

Walicheka hadi wakakaa chini. Ng'ombe mmoja anachechemea. Wakakata mti, wakaufunga badala ya mnyororo, sasa haiwagongi ng'ombe tena. Wamerekebisha wenyewe. Mimi ningesema kabla na huyo ng'ombe angekuwa mzima.

Natembea nyuma yao nikifikiria: huyu ni ng'ombe, na Mama je?

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napanga maneno. Kwa Kiswahili yanatoka kama naomba msamaha. Kwa Kikamba yanatoka kama namkosea heshima Katunge. Kwa Kizungu yanatoka vizuri kabisa, hata na pointi, kama debate.

Hakuna wa kuambiwa kwa Kizungu.

Jumanne, 12 Agosti

Imetokea. Si yote, lakini imetokea.

Tulikuwa kwa Kalondu bado. Jua kali, watu wamechoka, hakuna tena vigelegele. Gogo lilikuwa na fundo, likakataa kunyooka. Mama akalisukuma na kiganja. Urbanus alikuwa anaongea na mtu nyuma yake, akasikia kitu kama "lete". Hakuna aliyesema lete. Akavuta.

Mama hakupiga kelele. Alivuta mkono akauweka ndani ya leso, akainama kama anatafuta kitu chini. Mimi peke yangu niliona. Kisha akasema, "Endeleeni, naenda choo."

Nilimfuata. Ukucha wa kidole gumba umeng'oka nusu na kidole kimekuwa cheusi. Akakiosha na maji ya chai iliyopoa. Akanifunga macho na macho yake — sijui niandike aje — akasema, "Usiseme."

Akarudi akashika gogo lingine na ule mkono mwingine.

Mimi nikarudi kupanga kuni. Nikapanga vizuri sana. Aibu inanifanya nipange vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia Mama. Yeye tu. Jikoni, tukichagua mahindi ya kuchemsha na maharagwe, isyo ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa mashine ni kwetu.

Nilimsomea ule ukurasa nikiugeuza kwa Kikamba. Mtu mmoja. Aweke mwenyewe, avute mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho. Sikuwa nimetarajia.

Halafu akasema: Urbanus hawezi kuacha hiyo leva hata umpe mbuzi. Basi nikitoka hapo nitafanya nini? Niinue gogo na bega gani? Asiyeleta mikono kwa mwethya boma lake linarukwa. Msimu wa kupanda uko mbele, na baba yako yuko Athi River anarudi Krismasi. Nani atanilimia?

Nikasema lakini Mama, wewe ndiye ungevuta. Leva haitaki bega. Inavutwa hata na mkono wa kushoto. Wawili wakuinulie, waondoke, unyooshe, uondoe mkono, uvute. Peke yako.

Akatupa punje iliyooza. Akasema, "Mwana wakwa, waambie hao."

"Wewe ndiye mwenye boma. Ijumaa wewe ndiye unagawa."

"Mimi nimechoka kuomba," akasema. Akaendelea kuchagua mahindi na kidole kimefungwa kitambaa. Kila punje akiishika vibaya.

Alhamisi, 14 Agosti

Wameileta jioni. Ng'ombe yule bado anachechemea. Mashine imelala chini ya mgunga karibu na rundo letu, mdomo wa chuma wazi. Urbanus ameacha gunia lake la spana hapo, akasema kwetu hakuna wezi. Ikikataa kuwaka mimi humwona akitoa plagi, kile kidude cha kuwasha moto wa injini, anaipuliza, anairudisha. Sio kazi ngumu.

Sitaki kuandika ninachofikiria.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamefika. Naandika kwa kitanda, mlango umerudishwa.

Plagi iko kwa mkono wangu. Niliitoa na spana yake asubuhi nikienda kukamua, nikairudisha ile kofia yake ya waya ikae kama kawaida. Inanuka petroli. Mkono wote unanuka, hata hii karatasi.

Nilifikiri nikiitoa watachoka waende. Ujinga! Watu wa mwethya hawaendi. Wamekaa wanangoja, isyo iko motoni.

Urbanus anavuta kamba. Namsikia. Inatoa pumzi tu, fyuu, fyuu.

"Mbona leo ni nyepesi hivi?" anasema.

"Labda imekonda," Katunge anamwambia. "Imelala kwa Mama Mutanu bila chakula."

Kicheko. Fyuu. Kicheko tena, kidogo.

Atafungua aone. Anaanza kutafuta spana, nasikia gunia.

Mama ameingia. Alikuja kuchukua chumvi, akaniona. Niliweka mkono nyuma lakini ameshaona. Au amenusa.

"Ni ya nini hiyo?"

Nikamwonyesha.

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Ameketi kwa kitanda, hapa kando yangu, na chumvi mapajani. Sijawahi kumwona Mama ameketi saa hii ya asubuhi na watu wako nje. Amefungua kile kitambaa, ameangalia kidole, amekifunga tena.

"Wacha nipumzike kidogo," amesema.

Nje Katunge anaita. "Mwenye boma! Tunagawiwa kazi ama tunalala?"

Mama amekaza fundo la kitambaa. Nimemwambia wanakuita. Ametingisha kichwa, polepole, hapana.

"Mwenye boma!" Sasa ni sauti nyingi.

Mama amelaza mgongo kwa ukuta. Amenitolea kitabu cha mashine kutoka chini ya godoro — kumbe alijua kiko hapo — na amekifungua kwa ule ukurasa mwekundu, ameonyesha mlango na kidevu, amekiweka juu ya magoti yangu, juu ya hii karatasi, siwezi hata kuandika vizu