Riziki Amefaulu, Salamu Zitafuata

Kansanga, Kampala

Mdogo wangu Zawadi,

Riziki amefaulu! Usishtuke kwamba nimekurukia na habari kabla sijauliza umeamkaje. Leo naandika kinyumenyume kwa makusudi, soma, utaelewa.

Riziki ni binti wa kwetu Kongo, mtu wa Fizi, anasomea uuguzi katika chuo ninakosaidia wanafunzi kuandika. Pale hatuwaandikii. Tunasoma kazi yao pamoja nao, tunauliza maswali, na kalamu inabaki mkononi mwao. Alinijia na insha aliyorudishiwa na mwalimu wake: "Sioni unachotaka kusema." Akishindwa tena, anatolewa masomoni.

Nikaisoma. Zawadi, kama namsikia baba yetu akianza mazungumzo! Kwanza shukrani kwa walimu, halafu hali za wazee, safari ya shangazi yake toka Fizi, mvua njiani. Neno lenyewe lilikuwa ukurasa wa mwisho: kwamba kina mama wakimbizi wanachelewa kwenda kliniki kwa sababu hawaelewi lugha ya huko.

Mwenzangu Nakato, Mganda mcheshi, akachungulia begani kwangu. "Mzee, watu yako nazunguka kama bodaboda amepotea mitaa ya Nakasero!"

"Hatuzunguki," nikamjibu. "Tunabisha hodi."

Riziki, anayeniita papa kama baba yake, hakucheka. "Papa, nikianza na shida moja kwa moja, si wataniona sina adabu?"

Unakumbuka kwetu mgeni hakuulizwa lililomleta kabla hajanywa maji. Ningemwambiaje kwamba hilo ni kosa? Nikamwuliza, "Mama anatokwa na damu, umesimama naye mlangoni kwa daktari. Utaanza na salamu?"

"Hapana, papa! Nitapiga kelele."

"Utasema nini?"

"Huyu mama haelewi mnachomwambia!"

"Basi andika hilo."

Akaliandika kwa Kiswahili, kisha akahangaika nalo mpaka likakaa kwa Kiingereza, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Mkono uliniwasha nimwandikie, nikaukalia. Shukrani zake hatukuzitupa. Alizihamishia mwisho, na huko zikapendeza.

Leo amepanda ngazi mbio, akaniita kabla sijamwona: "Papa, nimepita! Mwalimu ameisoma yote!" Kupita kumenifurahisha, lakini hilo la pili ndilo lililonifanya nisimame. Ameisoma yote! Hata Nakato alipiga vigelegele, na chumba kile kinatakiwa kuwa kimya.

Haya, neno langu limetangulia. Sasa nipe kiti na maji, nikusalimie inavyostahili. Hujambo, mdogo wangu? Goti limepoa? Nisalimie shemeji, mumeo, ambaye najua anasoma barua zangu kabla yako. Nisalimie mama mdogo, na watoto wote anaowakaripia. Na yule jirani anayetunza ufunguo wa nyumba ya baba, mshike mkono kwa niaba yangu, umwambie asiuweke mbali, ipo siku nitabisha hodi.

Kaka yako,
Byamungu