Mchi Uko Bafuni

Baba Ritha, nimeenda Kagongwa kuchukua mchele, nitarudi jioni. Uji wa Baba uko kwenye chupa ya chai. Dawa ya presha aimeze mbele yako, maana akisema ameshameza, hajameza.

Ukiukuta mchi wa kinu bafuni usishangae. Asubuhi umelala baada ya zamu yako ya usiku kwenye karasha la kusaga mawe, Baba akaingia kuoga, akakaa kwenye kigoda, magoti yakagoma kumnyanyua. Mimi mkwe siwezi kuingia, na yeye hawezi kuniita. Nikasikia maji yamenyamaza, mzee anapiga mluzi kama yuko na ng'ombe wake.

"Baba, uko salama?"

"Naoga tu, mama."

Anaoga na nini, na maji yamekwisha? Nikasema nikuamshe. Akakataa, "Mwache alale, amechoka."

Basi nikageuka, nikaingiza mchi mlangoni kinyumenyume. Akashika upande wake, mimi nikavuta wangu bila kugeuza shingo, mpaka akasimama. Mgongo unaniuma hadi sasa.

~~Mpigie mdogo wako Abel awe anakuja kumwogesha.~~ Hapana, mwogeshe wewe. Ni baba yako. Na ile nondo ya kushikia, uliyoahidi tangu Pasaka, nikirudi niikute ukutani.

Kikaratasi hiki kitie mfukoni asikione. Aliniomba nisikuambie, na sijakuambia. Nimeandika tu.

Mkwe wa Baba