Udongo wa Carama Mikononi

Kaka Dezire,

Nakuandikia nikiwa uani kwa mama yako, hapa Gasenyi, na kidole changu kimoja kimevimba, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Wewe mwenyewe uliandika kama kuku anayetafuta punje. Mama yako yuko jikoni, anagonganisha masufuria ovyo. Sijui kama ana hasira au ana hofu. Kwake zote mbili zinatoa sauti hiyo hiyo.

Leo nimeketi tena. Ndiyo, mchana, mtaani Asiatique, mbele ya duka la vitambaa ninakouza, udongo mpaka kwenye viwiko. Uliniambia nisiketi peke yangu kamwe. Ulitaka niketi na nani, kaka? Wewe uko udongoni. Wenzetu wa kikundi cha maonyesho wamevuka mpaka, wananitumia salamu kwenye simu halafu wanazifuta wenyewe. Ule uwanja wa Carama tulikofanyia mazoezi umepandwa maharagwe. Watu waliokuwa wakikupokea kwa kelele, sasa wakiniona wanakumbuka kwamba wana safari upande wa pili wa barabara. Siwalaumu. Au nawalaumu kidogo, nikichoka.

Na nimekukasirikia sana, hilo nalo nikuambie. Waliokukamata walipokurudisha ukitembea kwa miguu yako, tulishukuru haraka mno. Tulipika. Ulikula mbele yetu, ukatania, na kumbe kifua walichokipiga kilikuwa kinakwisha ndani kwa ndani, nawe unatuambia ni vumbi. Vumbi gani, Dezire? Mwongo we. Mpaka leo mteja akikohoa dukani mimi natoka nje.

Nakumbuka siku ya kwanza, pale Carama, karibu na wafyatua matofali. Ulinieleza desturi ya maji kana kwamba mimi nimezaliwa ng'ambo: kwamba hapa kwetu anayetoka makaburini haketi wala hanywi kitu mpaka amwagiwe maji mikononi, na hajimwagii mwenyewe, anamwagiwa na mwenzake. Nikakujibu kwamba sisi Waislamu wa mjini tulikuwa na maji kabla yenu. Ulicheka. Halafu ukaacha kucheka, ukanipa habari ya kaka yako Tarsise, aliyetoka asubuhi kwenda kazini asirudi. Hakuna mwili, hakuna kaburi. Pasipo kaburi hakuna anayetoka makaburini, basi hata maji hayakumwagwa, na mama yenu amekaa miaka yote hiyo na mikono ambayo hakuna aliyeiosha. Ukasema: "Zaina, kuko wengi kama mama. Mi ntakuwa mikono yao."

Ukanifundisha nami kuwa mikono. Kuchanganya udongo na mawese kidogo usipasuke upesi. Kuketi kwenye kigoda, mikono mbele, macho chini, beseni kati ya magoti, jagi la maji kando. Kunyamaza. Kutojikuna, hata inzi akikufanya uwanja wa mpira. Mwenye mtu wake asiye na kaburi anakuja, anamwaga maji kidogo, anataja jina moja, anakwenda zake. Na akimwaga, mikono haishuki mpaka jina litajwe. Mabega yangu yalikuwa yanaungua na wewe unanizunguka tu: "Ingia ndani ya bega, Zaina. Bega ni nyumba." Kila siku nilikutukana kimoyomoyo. Leo nimeingia ndani ya bega hilo, na kweli nafasi ipo.

Asubuhi mama yako alinikataza. "Mutoto yangu, usiende. Nimeisha zika wa kutosha." Nikaenda. Nilitaka mtu mmoja tu amwage. Mmoja, ili ijulikane kwamba walipokumaliza wewe hawakuimaliza kazi yako. Hakuja mtu. Walisimama mbali, wengine wakijifanya wanachagua vitenge. Kumwaga maji yale ni kusema mbele za watu kwamba una mtu wako aliyepotezwa, na nani anataka kuwa wa kwanza kusema? Udongo ulianza kukauka na kunivuta ngozi. Nikaona aibu, kaka. Nikajiona kama mwendawazimu mwenye beseni.

Kisha vikaja viatu.

Siku walipokuja kukuchukua, nilikuwa hapa hapa uani nikikanda udongo, nao waliniamuru nitazame chini. Kwa hiyo uso wa yule mkubwa wao siujui. Viatu vyake navijua: vya kahawia, vyenye vishikizo vya shaba, na cha mguu wa kulia kimelegea. Leo vilisimama mbele ya beseni langu. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa, na afadhali ilikataa.

"Weye, unafanya nini apa?" Nikanyamaza. "Nawa iyo mikono, uende kwako. Nawa!" Mikono ikabaki mbele. Ningejinawisha mwenyewe ingekuwa nimekiri kwamba hakufa mtu. Akanishika kidole, akakivuta mpaka kikatoa mlio. Machozi yalinitoka lakini macho sikuyainua. Hapo ndipo hasira zilipompanda kabisa. Akalinyakua jagi akanimwagia mwenyewe, maji yote, mkono huu na huu, mpaka udongo ukashuka mwekundu kwenye beseni na kwenye viatu vyake.

Alidhani anafuta. Mtu wa hapa hapa, aliyekwisha kumwagia watu maji kwenye misiba ya jamaa zake, na hasira zikamsahaulisha kwamba mbele ya beseni hili anayemwaga ndiye mfiwa.

Nasikia maji yanadondoka tu. Halafu sauti ya mzee muuza kufuli wa duka la jirani, unamkumbuka, yule uliyekuwa unamwita Bwana Funguo, ikasema taratibu: "Pole sana, shefu."

Akajibu, "Aksanti." Kwa mazoea tu, kama mtu yeyote anayepewa pole.

Mwingine akaja. "Pole, shefu. Mungu amupokee." Mama mmoja akamwombea uvumilivu: "Mwihangane." Wakaanza kusogea, watu wale wale walioogopa kunikaribia, wanampa mkono mmoja mmoja, kama inavyompasa mfiwa. Utamkamata nani kwa kosa la kukupa pole? Wengine walikuwa wanalia, na hawakuwa wanamlilia yeye. Nikaona viatu vinarudi nyuma. Nyuma palikuwa na watu pia, nao wana pole zao.

Halafu nikaziona kandambili za mama yako. Alikuwa amenifuata kutoka Gasenyi kuja kunirudisha nyumbani, na alifika wakati huo. Yeye uso wa yule mtu anaujua. Siku ile walipomwambia atazame chini alikataa. Alimsogelea mpaka kandambili zikakaribia kugusa viatu.

"Yangu ni Dezire," akasema. "Na Tarsise. We umemwaga maji, baba. Yako ni nani? Sema jina."

Hakusema. Kaka, hakusema, na hakuna aliyeondoka. Mikono yangu ilikuwa bado mbele, maji yananitiririka viwikoni, na nilisikia pete yake ikigongagonga kwenye jagi. Mwishowe aliliweka chini, wima, polepole, kama kitu cha mtu. Akaniinamia sikioni, akaniita ofisini kwake: "Kesho asubuhi uje ku biro." Watu wakampisha, akaenda.

Baada ya hapo hakumwaga mtu mwingine, maana maji yalikuwa yamekwisha. Mama yako alinisimamisha, akanileta hapa, na njia nzima hakunisemesha.

Ninaogopa. Nakuambia wewe kwa sababu mama yako sitamwambia, ingawa anajua. Simu imelia tangu tufike. Wenzetu wanataka nivuke leo leo, wanasema nafasi kwenye gari ipo. Nimefikiria sana. Nimekifikiria kifua chako, na jinsi ulivyosema ni vumbi. Sitaki kufa, Dezire. Nataka kuuza vitenge na kugombana na wateja mpaka nizeeke. Lakini nilitaka mtu mmoja amwage, na aliyemwaga ni yeye, na jina ameondoka nalo. Nikivuka leo nitaishusha mikono kabla ya wakati, na nitaishi nayo hivyo, kama mama yako.

Masufuria yamenyamaza. Mama yako ametoka jikoni na beseni, ndani yake lile donge la udongo wa Carama uliloliacha chini ya kitanda chako, na chupa ya mawese kwapani. Ameketi mkabala nami. Anaukanda.

Basi lala, kaka. Kifua chako kipumzike. Nakuahidi kwamba kesho sitakwenda kujibu maswali ya yule mwenye viatu. Nitaketi mbele ya meza yake, nitatazama viatu, nitanyoosha mikono. Mama yako anasema, sasa hivi ndiyo anasema, kwamba jagi atalibeba yeye. Nitakaa ndani ya bega, nitamngoja yule aliyemwaga alitaje jina lako.

Mwanafunzi wako,
Zaina