Kodi ya Kila Mlango

Mpendwa mama,

Najua umelala, na hakuna neno litakalokufikia hadi parapanda ilie. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa Sabato, nami naamini. Lakini juzi nilipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia hapa kwetu, nikakuta wanaume wanabishana wakingoja mizani. Wanasema heri kodi iwe moja, mwenye nacho na asiye nacho walipe sawa, makarani waache kuchungulia mali za watu. Mume wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nikakukumbuka.

Unakumbuka habari ya mabati? Uliweka akiba ya ndizi ili uezeke nyumba yako, baba akakataa. Wakadiriaji wa kodi walikuwa wakipita, na kila mtu aliamini kwamba wanaanza kwa kutazama paa. Basi boma letu likabaki nyasi tupu, nyumba yako, ya mama mkubwa mke mwenzio, na ya nyanya, huku nyuma pareto ya baba imejaa maua mpaka mtoni. Mvua ilikunyeshea kitandani kwa ajili ya karani ambaye mwaka ule hata hakuja.

Ndipo chifu akaleta pendekezo barazani Nyamache: kila mlango wenye jiko lake ulipe kiasi kimoja, na hakuna atakayekaguliwa. Baba alipiga makofi kuliko wote. Alirudi amefurahi, akaketi kwako, mama mkubwa akaitwa. Mimi nilikuwa nimekuja kukusalimia, mtoto mgongoni.

“Sasa kila mlango utajilipia,” akasema. “Mama Ombati, wewe una yule mtamba.”

Mtamba huyo alizaliwa na ng’ombe wa mahari yangu. Na kwetu ng’ombe wa binti ni wa nyumba ya mama yake, havuki kwenda kwingine. Ndiye angetolewa ili ndugu yangu Ombati aoe, na Ombati alikuwa tayari amezungumza na msichana wa Nyamarambe. Hukuwa na ng’ombe mwingine.

Ulikuwa ukimenya ndizi. Hukuinua kichwa.

“Nimesikia, baba Ombati. Na pareto nayo tutaigawa kwa milango?”

“Pareto ni ya mwenye boma.”

“Basi na kodi ni ya mwenye boma.”

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika nguzo. “Leo umepatikana, mzee. Na mama yako pia ana jiko lake. Yeye atauza nini, fimbo?”

Baba akatoka. Kwa muda mrefu hakula kwako. Ulimpelekea chakula kila jioni, sahani ikarudi imefunikwa vilevile, nawe ukawapa watoto, ukaomba, ukalala. Nilikuuliza kama huogopi. Ulisema, “Naogopa. Lakini mtamba bado yuko zizini.”

Baraza la pili, chifu akataka wanaokubali wainue mikono. Baba hakuinua. Chifu akamshangaa: “Mzee, si wewe uliyetuziba masikio kwa makofi?”

“Siku ile nilikuwa sijahesabu majiko,” baba akajibu.

Watu wakacheka, kisha wenye wake wawili na watatu wakatazamana, na mikono mingi ikashuka. Pendekezo likaishia hapo. Ombati alipooa, mtamba alikwenda Nyamarambe, baba mwenyewe ameshika kamba.

Sasa nikuambie ya kwangu, mama, maana kwako sifichi. Kodi ya namna moja ingetufaa sisi. Nimepima: tuna mlango mmoja, chai inatoka vizuri, tungelipa kidogo kuliko sasa na karo ya watoto ingepumua. Sina hasira na wanaoitaka. Ila jirani yetu Moraa ni mjane, ana migomba michache na kuku, naye angelipa sawasawa na sisi. Nilimweleza mume wangu hayo tukila, bila kupandisha sauti.

“Hiyo ni shida ya Moraa,” akasema.

“Sawa. Basi nenda umwambie hivyo. Ni hapo tu ng’ambo ya ua.”

Akanawa mikono, akavaa koti, akasimama uani. Baadaye akarudi ndani bila kufika kwa Moraa, akaniuliza kama kuna chai.

Pumzika vyema, mama, na uso kwa uso tuonane Bwana akipenda.

Ni mimi, binti yako uliyemwoza Nyamira.