Nyoka Asiyemuuma Mjomba wa Mchumba

Mshauri Syauswa, nakuandikia kutoka Bungulu nikiwa na shida ambayo haimo katika kitabu cha sheria, nami nimekisoma mara mbili.

Kila Jumapili baada ya misa tunacheza vita vya mashujaa mezani: kila mmoja ana shujaa wake kwenye karatasi, mwenye upanga na pointi za uhai, na mimi ndiye mwongoza mchezo, nasimulia hadithi na kuyachezesha majitu na majoka, halafu dadu lenye nyuso ishirini linaamua nani anaanza kupiga na nani anaumia. Mambo yalienda vizuri mpaka mchumba wangu Kanyere alipomleta mjomba wake, Mzee Salomon, muuza viazi, ambaye ndiye atakayesema kwa niaba ya ukoo wao siku tutakapopeleka mbuzi wa mahari, na sasa niambie, mtu kama huyo unampigaje rungu la kichwa?

Ninaandika daftari la kila siku, kwa hiyo nakupa tarehe. 3 Agosti: mzee alipata mbili kwenye dadu, alipaswa kuwa wa mwisho, nikatangaza kwamba wazee wanaanza. 10 Agosti: jitu lilimpata sawasawa, nikasema rungu limeteleza. 17 Agosti: nyoka wa kinamasi alipata ishirini, yaani sumu kali, nikalifunika dadu kwa katoni ya sabuni na kusema nyoka amesinzia. Hadjara, ambaye shujaa wake alikuwa ameumwa na nyoka huyo huyo dakika tano kabla, akapona kwa nusu ya dawa yake, aliinua katoni mbele ya wote.

“Ya Ésaïe, nyoka yako anachaguaka batu! Mimi ananiuma, mukwe yako anamuletea usingizi?”

Élisée, mchezaji mwenzetu, alicheka mpaka akamwaga chai. Mzee Salomon hakucheka. Alisema tu, “Juma zote tatu, mimi hapana pigwa hata mara moja. Donc, basi, nakuyaka hapa kufanya nini?” Nadhani alikuwa amechoka na safari.

Sasa Hadjara amesema nyoka asipouma Jumapili hii anaondoka na dadu lake, na lenye nyuso ishirini analo yeye tu, kaka yake alilinunua Kampala, Beni nzima sijaona lingine, na bila hilo kikundi kimekufa, lakini nyoka akiuma namuua mjomba wa Kanyere mwezi mmoja kabla ya mbuzi. Je, kuna sheria ya kumkinga mkwe?

Ésaïe, Bungulu

*

Ésaïe, pole. Nimejibu barua nyingi kuhusu wakwe wakali, lakini nyoka mwenye adabu kuliko wote waliokaa mezani, huyu ndiye wa kwanza.

Sheria hiyo haipo. Anayepata namba kubwa anaanza, hata kama mwenzake ana mvi mpaka kwenye nyusi. Heshima ya mzee ni kiti chenye mgongo na kikombe cha kwanza cha chai, kile ambacho Élisée hakukimwaga. Katoni irudi kwenye sabuni. Dadu litupwe wazi.

Sasa hilo daftari lako zuri. Umeandika maneno ya mzee na tarehe yake, halafu hukuyasikia. Amechoka na safari! Amechoka na wewe. Mtu anaacha viazi vyake aje kupigana na majoka, unamketisha kama picha ya ukutani. Na huyo atakayekupima mbele ya ukoo amekwisha kukuona ukidanganya mara tatu kwa woga. Ningekuwa wewe, ningewahofia mbuzi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya nyoka wa karatasi.

Jumamosi mfuate sokoni. Sema, “Mjomba, nilificha dadu, unisamehe,” kisha nyamaza. Hotuba zako tumeshazisoma. Jumapili anzeni pale pale, nyoka na ishirini yake. Nguvu ya sumu, mzee aitupie dadu kwa mkono wake mwenyewe. Akianguka, kumbuka kwamba Hadjara bado ana nusu ya dawa: mwache mzee amwombe, na mwache Hadjara amsumbue kidogo kwanza, anastahili. Dawa isipotosha, mzikeni shujaa vizuri, na mzee aandike mwingine.

Kisha fungua daftari, weka tarehe 24 Agosti, na uandike maneno mawili tu: nyoka aliuma.