Mluzi wa Nyuma ya Tangi

Mpendwa Shangazi Noreen,

Naomba unisaidie kabla fomu za maonyesho hazijafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, maana nimeshindwa kuamua peke yangu na mama ameniambia niache mambo kama yalivyo. Nina miaka kumi na mitano, nasoma kwa bidii na sijazoea kudanganya watu, lakini mwaka huu nimedanganya majaji wawili na umati mzima, tena nikiwa nimechuchumaa.

Babu yangu hushindana kwenye mashindano ya mbwa wa ng'ombe, na sheria unazijua: mtu mmoja na mbwa mmoja, maksai watatu wasiomjua mbwa huyo, dakika kumi na tano, uwapitishe kati ya magogo, uwavushe darajani, uwaingize zizini bila kumgusa hata mmoja, na mtu wa nje ya uzio asikusaidie hata kwa kukohoa. Babu ameshindana hivyo tangu kabla mama hajazaliwa, na sifa yake kubwa ni mluzi wake wa vidole viwili ambao ukipigwa kwetu unasikika ng'ambo ya mto. Mwaka jana mtamba alimpiga teke la mdomo, meno ya mbele yakaenda, daktari akang'oa yaliyobaki, akapewa meno ya bandia. Siku ya kwanza kuyajaribu kwenye mluzi yalichomoka yakaruka mpaka vumbini, na Dulcie, mbwa wake, akaenda akayaokota, akamwekea miguuni kwa adabu.

Nilimwambia anunue kipenga kama wenzake, akanijibu, "Kipenga ni cha refa wa mpira. Unataka ng'ombe wapige penalti?" Sauti ya mdomo haifai kwa sababu Dulcie amelelewa kwa miluzi minne tu: wa kusimama, wa kushoto, wa kulia, na ule laini wa kusogeza polepole. Sasa mimi, Shangazi, nimekuwa nikimfuata Babu nyuma tangu nina miaka sita, nikimwigiza, na miluzi yote minne ninaipiga sawasawa na yeye, hata mama akiwa jikoni hawezi kutofautisha. Basi Babu akapanga asimame uwanjani na vidole mdomoni akitunisha mashavu, mimi nijifiche nyuma ya tangi la maji, nichungulie na kupiga. Nilikubali kwa sababu tangu Bibi afariki Babu alikuwa hatoki kwenye kiti chake, na siku aliyoniambia mpango huo alikuwa amenyoa ndevu.

Tumeshinda mara mbili. Mara ya kwanza alivaa utepe wa buluu mpaka kwenye hema la chakula, akawaambia watu, "Mnaona? Meno ni ya kutafunia. Mluzi unatoka kifuani!" Mimi akaninunulia mkate wenye soseji, akaninong'oneza, "Umefanya kazi yako, sasa funga mdomo." Nilipomwomba baada ya ushindi wa pili niandikishe jina langu na Dulcie, kwa kuwa mbwa mmoja huandikishwa kwa jina moja tu, alicheka mpaka akashika meno yake. "Wewe? Binti yangu, pumzi yako ni ya kuzimia mishumaa ya keki. Maksai akiona hizo soksi za shule atakuuliza kazi ya nyumbani." Nikamwambia kwamba ndiyo pumzi iliyomletea tepe mbili. Akasema, "Bomba halijisifu kwamba ndilo lenye maji."

Mara ya tatu, mwezi uliopita, maksai walikuwa darajani na nikavuta pumzi ya kupiga mluzi wa kushoto, nzi akaniingia mpaka kooni. Nilikohoa kwenye sketi yangu. Uwanjani Babu alikuwa ametunisha mashavu na hakuna kinachotoka, Dulcie akakaa chini, akageuza kichwa, akanitazama mimi, na maksai wakaondoka zao kwenda kula majani. Jaji, mama mmoja mwenye kofia kubwa, akasema kwa sauti, "Mzee, mbona mbwa wako anaangalia tangi? Ana kiu?" Watu walicheka. Nyumbani Babu hakuniuliza kama nzi ametoka. Alisema tu, "Nzi mmoja! Mimi nimemeza nzi wa kutosha kujaza ndoo na sijawahi kukosa mluzi."

Sasa yamebaki maonyesho makubwa. Nimejaza fomu kwa jina langu na nimeificha ndani ya daftari la jiografia. Nikiipeleka, Babu atarudi kwenye kiti chake. Nisipoipeleka nitachuchumaa tena. Na nikinyamaza siku hiyo, atasimama mbele ya wote na vidole mdomoni bila sauti, na sitaki kumwona hivyo. Bado naamini kwamba akiombwa vizuri anaweza kusema, mara moja tu, mbele ya watu, kwamba mluzi ni wangu. Je, nisubiri?

Ni mimi,
Wa Nyuma ya Tangi

*

Mpendwa Wa Nyuma ya Tangi,

Usisubiri. Babu yako hatasema. Mzee anayeweza kusimama uwanjani akipuliza hewa, kisha akahutubia hema zima juu ya kifua chake, hajaanza hata kuifikiria sentensi unayoingoja.

Kwanza nikuambie kwamba jina la mbwa nimelibadilisha. Ulificha jina lako kwa uangalifu mkubwa, kisha ukaandika la mbwa, na katika wilaya hii ni mbwa wanaojulikana kwa majina, si wajukuu.

Nakuhurumia kwa ajili ya nzi. Nakuhurumia pia kwa ajili ya Bibi yako, maana naona wewe na mama yako mmeamua kwamba mjane akishanyoa ndevu apewe chochote anachotaka. Mzee huyo si mgonjwa, ana majivuno. Dawa ya majivuno ipo dukani, ina uzi wa kuvaa shingoni, na angejifunza kuipiga kwa wiki mbili kama asingekuwa na mjukuu wa kumkodi kwa soseji. Eti bomba! Bomba likikatika tutaona nani atakunywa.

Lakini na wewe usijifanye kondoo. Sheria unaijua, umeniandikia mwenyewe mpaka kukohoa. Ulikwenda nyuma ya tangi mara tatu kwa miguu yako. Na nadhani mara ya kwanza ulifurahi kidogo kuwa siri ya mtu mkubwa. Kuna watu waliokaa nyuma ya mbwa wao mwaka mzima kwa jasho halali, na utepe wao uko ukutani kwenu.

Sasa sikiliza. Kunyamaza siku ya mashindano usithubutu. Hiyo ni kumvizia mtu, na atakayeumia zaidi ni mbwa, ambaye ndiye pekee kati yenu watatu asiyemdanganya yeyote. Alipoulizwa mluzi uko wapi, aligeuza kichwa akaonyesha.

Jumanne, ukirudi shule, usibadilishe soksi. Mpeleke Babu yako kwenye uzio, Dulcie akiwa mbali kule chini pamoja na ng'ombe. Keti juu ya uzio, umwambie, "Babu, mwite," kisha ufunge mdomo. Mwache apulize. Usicheke hata meno yakiruka. Akichoka, mpigie mbwa mluzi mmoja tu, umngoje afike, umpe Babu ile fomu. Huna haja ya hotuba. Umekuwa ukimwomba kwa maneno, na maneno yeye anayo mengi kukushinda.

Atasema umemdhalilisha. Mjibu kwamba hapakuwa na mtu mwingine pale, na kwamba hiyo ni heshima ambayo yeye hakukupa kwenye hema, alipojisifia mluzi wako mbele ya watu. Akikunyima mbwa, usigombane naye. Kaa nyumbani siku ya maonyesho na daftari lako la jiografia, ajieleze kwa maksai.

Akikubali, kabla ya kupeleka fomu chukueni tepe zote mbili, mzipeleke kwa katibu wa mashindano, wewe na yeye pamoja, na kila mmoja aseme alichofanya. Huenda wakawafungia nyote wawili msimu huu. Itakuuma, na inastahili kukuuma. Lakini una miaka kumi na mitano, misimu unayo. Yeye amebakiwa na michache, ndiyo maana anachota kwenye yako, na hilo ndilo jambo la pekee katika barua yako lililonifanya nimwonee huruma mzee huyo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Kuhusu kile kiti chake: anayo macho bado. Anajua maksai yupi atageuka kabla maksai mwenyewe hajajua, na hilo wewe hulijui, maana kutoka nyuma ya tangi huwezi kujifunza chochote isipokuwa ladha ya nzi. Mwambie akufundishe. Alasiri zote, zizini kwenu, apige kelele anavyotaka. Mtu mwenye mwanafunzi mbishi hana muda wa kukaa kitini.

Na siku utakayoitwa uwanjani kwa jina lako, iwe mwaka huu au ujao, pitia kwanza kwenye hema la chakula. Nunua mkate wenye soseji, mkubwa kuliko yote, umkabidhi Babu yako pale pale kwenye uzio mbele ya watu, umwambie kwa adabu ale wakati bado wa moto. Kisha ingia, ujiweke mahali ambapo hata yule jaji wa kofia kubwa anakuona, upige. Mtu aliyejaza mdomo hawezi kupiga mluzi, na safari hii hakutakuwa na mtu wa kuuliza mluzi huo umetoka wapi.

Shangazi Noreen