Pilau Aliyoikataa Mwalimu Mkuu

Msambweni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshaacha kukohoa, na goti la mama limepoa. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo kwa joto na zaidi kwa hasira.

Uliniuliza kama nawasaidia watoto wa huku kuutazama ulimwengu kwa macho ya Kikristo. Hayo ndiyo maneno ya Mwalimu Elkana, mwalimu mkuu wetu, mtu wa bara, asubuhi mpaka jioni. Tangu mmishenari aondoke baada ya Uhuru na kumwachia ofisi, amerithi kiti, kofia, na nadhani hata kikohozi chake. Hesabu anazofundisha ni hizi: mitume kumi na wawili, Yuda akitoka, wanabaki wangapi? Darasa la saba, baba! Jiografia yake ni Mto Yordani. Mto Ramisi ulio hapa jirani hajui hata unakoanzia. Akishachomeka jina la Yesu katika kila sentensi, hujipapasa tumbo na kusema kazi ya Mungu imefanyika.

Karibu watoto wote hapa ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani wakubwa wao hufunga, na wengi hawamezi mate wakichelea kuharibu saumu, huyatema dirishani. Mwanakombo, msichana pekee wa darasa la saba, alitema mara tu tulipoitikia "Amina" katika sala ya asubuhi. Yule bwana akaona ameitemea sala. Hakuuliza. Miaka yote aliyokaa pwani, hajui kwamba aliyefunga hutema mate! Alimchapa mbele ya shule nzima, kisha akatuhubiria juu ya upendo.

Kesho yake Mwanakombo hakuja. Nilikwenda kwao Munje kuonana na baba yake, Mzee Hamisi. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Mtoto nimemtoa, mwalimu," alisema. "Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Mwambie mwenzio aje siku ya Idd ale kwangu. Siku hiyo sisi twala sahani moja na tuliyekosana naye, na yaliyopita yamekwisha. Akija, mtoto atarudi shule."

Kula pilau tu! Nilimpelekea Elkana ujumbe huo nikidhani atashukuru.

"Mimi nikae mkekani na wasioamini?" akaniuliza.

Nilimkumbusha kwamba Yesu alikula na watoza ushuru. Akajibu kwamba mwanamke hatamfundisha Biblia, na kwamba mimi sina mtazamo wa Kikristo. Nilikuwa namdharau tangu zamani, lakini siku ile nilimdharau kwa moyo wote.

Siku ya Idd nilikwenda mwenyewe, nikala nikashiba. Mzee Hamisi alinishukuru, kisha akasema taratibu, "Wewe umekuja, mwalimu, nami nimefurahi. Lakini aliyempiga hakuja."

Mwanakombo alikuwa ameshika birika akininawisha mikono. Hakuinua uso. "Mwalimu," akanong'ona, "wenzangu wamefika wapi kwenye desimali?"

Niliona aibu, baba. Wenzake bado walikuwa wakihesabu mitume.

Sasa kila Jumamosi nakwenda Munje kumfundisha barazani kwao, baba yake akisikiliza. Anashika haraka kuliko wote. Lakini asiye na shule haandikishwi mtihani, na hilo linaninyima usingizi. Elkana naye amekwisha kunishtaki kanisani, kwa hiyo usishangae ukiniona mlangoni na sanduku langu.

Msalimie sana mama, na mdogo wangu Yohana, mwambie asiache shule. Shangazi mwambie kitambaa alichonipa nimekishona gauni, ndilo nililovaa siku ya Idd. Na mzee wa kanisa akiuliza kama nimempata huku hata mtu mmoja wa kumfundisha Ukristo, mwambie nimempata. Ni mwalimu mkuu, na ni mzito wa kuelewa.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Damari